Nafuga Maji

Sponji mpya haijui kuzama.
Naitia majini, yaibuka;
naisukuma, yaibuka,
matundu yake kama mkate wa kumimina
uliosahauliwa sukari.
"Ikamue humo humo ndani," asema Msellem kinyozi,
kasimama mlangoni na mashine mkononi,
kichwa cha mtu amekiacha nusu huko chini.
Naikamua. Yatoa pumzi za kiwandani,
ndipo yakubali kuketi juu ya changarawe
kama mgeni aliyekaribishwa mara tatu.

Tangi nalinunua Kongowea, la mkono wa pili,
pembe moja nimeiziba kwa silikoni.
Maji ni ya Jumanne,
siku ambayo mfereji huikumbuka Mikindani:
ndoo nne zimelala wazi usiku kucha
ile dawa ya kuua kipindupindu ipae,
maana ikiua haichagui.
Ya kisima sikuyataka. Hata sabuni huyakataa.

Pampu nimeitundika msumarini, juu ya maji.
Stima ikipotea, maji hurudi kinyumenyume mpirani
yakateremka hadi ukutani,
na hapa stima hupotea bila kuaga,
kama baba yake Twalib.

Nikachomeka. Kimya.
Kisha kikohozi.
Kisha bu-bu-bu-bu, buruma
isiyo na tumbaku wala wavutaji.
Twalib akabandika sikio kiooni.
"Samaki wako wapi?"
"Bado."
"Sasa hii yampumulia nani?"

Jioni Msellem akarudi na kopo la siagi,
ndani yake sponji kuukuu ya tangi la kinyozini,
nyeusi, yanuka mtaro baada ya mvua.
Mimi mtoto wa Mwanamkuu wa Kibokoni:
kwetu mtungi ulifukizwa ubani,
sinia likasuguliwa hadi ujione meno.
Mkono ukaenda wenyewe kwenye sabuni.
"Hee! Utawaua!"
"Nani?"
"Hao wasioonekana."

Basi nikaikamua kuukuu juu ya mpya
vile nilivyokamua nazi utotoni,
machicha kifumbuni, tui la kasimile kwanza,
zito, ila hili la kahawia.
Likatanda, likaficha changarawe,
na kazi yangu yote ya Jumanne
ikawa mchuzi.

Ati wamo humo,
wengi kuliko watu wa feri saa kumi na mbili,
hawana macho wala mapezi,
watafuta tundu la kupanga.
Kazi yao kula sumu ya wengine
hadi isiwe sumu.
Wape wiki nne, asema Msellem,
na chembe ya chakula kila asubuhi
kwa samaki ambao hawajaja.

Basi kila asubuhi nanyunyiza, sinyunyizii mtu.
Mama Kadzo wa mlango wa tatu achungulia dirishani:
"Swabrina, kumbe wafuga maji!"

Nafuga maji, ndiyo.
Nyumba yenyewe hii mpya,
rangi bado yawasha pua,
hakuna ukuta unaojua jina letu.
Juzi Mama Kadzo aliazima bakuli,
akalirudisha na mbaazi, halirudi tupu,
likaacha duara la mchuzi mezani.
Sijalifuta.

Jana usiku stima ikakatika.
Kilichoniamsha ni kimya.
Nikapapasa gizani, nikatia mkono tangini
hadi kiwikoni, nikakoroga,
polepole, nikakoroga,
mkono ukifa ganzi nabadilisha,
saa nane, saa nane na nusu,
hadi friji iliposhtuka
na pampu ikakohoa.

Twalib kageuka kitandani, macho hajafumbua.
"Wamekuja?"
"Wamo," nikamwambia. "Lala."